Mtoto Aliyebatizwa Mara Saba

Iko nchi moja, haiko mbali, na ukiitafuta kwenye ramani utaipata. Ila wenyewe hawapendi kuoneshwa kwa kidole, basi tuiache bila jina, tuseme habari zake tu.

Nchi hiyo ilikuwa ya Kikristo tangu mababu wa mababu. Makanisa ya mawe yalikuwepo, kengele zilikuwepo, kwaya za sauti nne zilikuwepo, na watoto walijua amri kumi kabla hawajajua kufunga kamba za viatu. Na tatizo lilikuwa ndilo hilo. Makanisa ya ng'ambo, yenye huruma nyingi na viwanja vikubwa vya kuegesha magari, yalikuwa yakitoa msaada kwa watu ambao hawajafikiwa na Injili. Waliokwisha kufikiwa walitumiwa kadi ya Krismasi.

Mwaka mmoja aliteuliwa waziri kijana, aliyetoka masomoni akiwa bado na tabia ya kusema kweli. Akaandika barua ng'ambo: "Tunawashukuru sana. Huku tumekwisha kufikiwa sote." Ng'ambo walifurahi mpaka wakafanya ibada ya shukrani. Walipomaliza kushukuru wakahamishia msaada nchi nyingine.

Haikupita miezi mitatu zahanati zikaishiwa dawa na magari ya serikali yakaishiwa mafuta. Dawa peke yake pengine ingevumilika, lakini mafuta ni jambo la usalama wa taifa. Waziri kijana akateuliwa kuwa balozi katika nchi ambayo haina ubalozi. Baraza likajifungia siku mbili, likatoka na tamko kuwa serikali, baada ya utafiti wa kina, imegundua kwamba wananchi wake bado wako gizani.

Ndivyo ilivyozaliwa Wizara ya Giza.

Mtu asidhani ilikuwa wizara ya mzaha. Ilikuwa na jengo la ghorofa tano, makatibu, semina, na nembo ya mtu aliyejifunika macho kwa viganja huku anatabasamu. Kila wilaya ilipewa Afisa Giza wake. Kila kijiji kilipimwa na kuwekwa daraja: Giza Hafifu, Giza la Kati, na juu kabisa Giza Totoro. Kijiji cha Mrindiko, kilichoko kwenye mabega ya mlima, kilikuwa Giza Totoro miaka minne mfululizo, na kilipewa bango la pongezi.

* * *

Hapo Mrindiko aliishi mwanamke mmoja, Eliwaza, mama wa mtoto mmoja wa kike aitwaye Tumsifu. Mume wake alikuwa kibarua kwenye mashamba ya mkonge huko bondeni, alirudi kila Desemba kwa sikukuu ambayo kijiji, kwa mujibu wa nyaraka, kilikuwa hakijaisikia.

Eliwaza alikuwa na wasiwasi wa kuzaliwa nao. Mtoto akikohoa, yeye anaamka. Mtoto asipokohoa, yeye anaamka vilevile aende kusikiliza kama anapumua. Majirani walimcheka. "Mama Tumsifu," walimwambia, "huyo mtoto si umkunje tu umfunge kwenye pindo la kanga, ujue moja." Naye alicheka nao, kisha alirudi ndani kumgusa mtoto shingoni kama ana joto.

Tumsifu alikuwa na miaka tisa na macho makubwa. Macho ndiyo yaliyomponza. Mpiga picha wa Wizara alipopita Mrindiko kutafuta nyuso, alimtazama mara moja tu akasema, "Huyu." Na tusimfiche Eliwaza, alifurahi. Aliambiwa mtoto atapata viatu, sweta, na barua kutoka kwa watu wanaompenda. Ni mama gani atakataa mtoto wake apendwe? Akaletewa karatasi, akatia sahihi bila kuigeuza. Akina mama wenzangu mnaosoma, karatasi zina upande wa nyuma. Nyuma yake ilikuwa imeandikwa kwamba mtoto huyo sasa ni sehemu ya giza la taifa na hawezi kuondolewa bila kibali.

Tumsifu alikuwa amebatizwa akiwa mchanga, kanisani, maji vuguvugu ya kwenye bakuli, akalala usingizi kwenye mkono wa mchungaji. Huo ulikuwa ubatizo wa nyumbani, hauhesabiwi. Wa kuhesabiwa ni ule wa mtoni, mbele ya wageni na kamera. Kanisa la kwanza la ng'ambo likamzamisha likamwita Tifani. La pili likamwita Keitlini. La tatu likamwita Heza. Hivyo hivyo mpaka la saba. Tumsifu aliitika majina yote, maana alilelewa kwa adabu. Barua zilikuja za kila jina. "Mpendwa Tifani, paka wetu anaumwa, tafadhali mwombee." Naye Tumsifu alimwombea paka, kwa Kiswahili, kila jioni.

Mtu atauliza, je, hayo makanisa saba hayakushtuka kuona macho yale yale? Hayakushtuka, kwa sababu kila moja liliamini kuwa hayo mengine sita yana kasoro kidogo katika mafundisho yao, basi hayakutembeleana.

Hawakuwa watu wabaya. Hilo lazima lisemwe. Walilia machozi ya kweli na viatu vilikuwa viatu vya kweli. Lakini mto wa Mrindiko unatoka juu kabisa kwenye miamba, na mwezi wa sita na wa saba, ambao ndio wageni wanapata likizo, maji yake yanauma mpaka kwenye mifupa. Baada ya ubatizo wa saba Tumsifu alirudi nyumbani akitetemeka, usiku homa ikamwingia, asubuhi akawa anapumua kama mtu anayevuta gunia juu ya changarawe. Kichomi. Alilazwa zahanati siku kumi na moja. Alipotoka, tabibu alimvuta mama yake pembeni.

"Mama, mapafu ya mtoto yamechoka. Maji ya mtoni asiyaguse. Akirudi tena na hali hii, mimi sitakuahidi kitu."

Wiki iliyofuata ikaja barua ya Wizara. Kanisa la nane litafika Mrindiko Jumapili ya pili ya mwezi wa saba. Limechagua, ukurasa wa tatu wa orodha ya picha, mtoto mwenye macho.

* * *

Eliwaza akafunga kanga mbili akashuka wilayani. Kwenye mlango wa ofisi paliandikwa: Huduma Bora kwa Walio Gizani. Ndani alikaa Afisa Giza wa Wilaya, Bwana Zefania Mkomwa, mtu mwenye tai fupi na maneno marefu.

"Shikamoo, bwana afisa."

"Marahaba, mama. Karibu kiti. Hiki kimevunjika, kalia kile. Una shida ya giza au ya nuru?"

"Ya mtoto, baba."

"Mtoto yuko upande gani?"

"Anaumwa. Naomba atolewe kwenye orodha ya mto."

Bwana Mkomwa akafungua jalada, akalamba kidole, akapekua. "Mama, mtoto hatolewi kwenye orodha. Mtoto anaokoka. Akishaokoka ndipo jina lake linafutika lenyewe."

"Ameshaokoka mara saba."

Afisa akainuka, akafunga dirisha, akakaa. "Kauli hiyo ni siri ya nchi. Nitahesabu kwamba umekohoa."

"Sijakohoa, baba. Anayekohoa ni mtoto."

"Sikiliza. Ipo Fomu ya Kuomba Kuacha Giza. Unaijaza nakala tano, unaambatanisha cheti cha ubatizo, inakwenda makao makuu, inajadiliwa. Miaka mitatu hivi, ikienda vizuri."

"Vyeti vya mtoni wanaondoka navyo wageni, na majina si yake. Lakini hiki hapa cha kanisani kwetu, tangu mchanga."

"Kanisani wapi?"

"La mawe. Si lile pale juu linaonekana?"

Bwana Mkomwa akafungua tena dirisha kidogo akatazama kule mlimani. Kanisa la mawe lilikuwa limefunikwa msalaba kwa gunia na kengele yake kuviringishiwa mkeka, kama ilivyoagizwa. "Mimi naona ghala la mahindi," akasema. "Sasa wewe unaniletea cheti kilichotolewa na ghala."

Eliwaza akakunja kile cheti akakirudisha kifuani. "Na ugonjwa wake je? Tabibu amesema."

Hapo afisa akachangamka. "Anaumwa kifua? Mbona hukusema mapema? Kipengele cha maombezi ya wagonjwa wilaya yetu hatujawahi kukijaza hata mara moja." Akaandika. "Hongera, mama."

Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu mkatili, akaweka kalamu chini akasema naye kama baba. "Mama Tumsifu, nchi za wenzetu zina almasi, zina mafuta, zina bandari. Sisi tulipewa nini? Tulipewa huzuni ya macho ya watoto wetu, tena ya daraja la kuuza nje. Wewe mwenyewe hujui una nini nyumbani kwako. Taifa linakutazama."

"Mimi namtazama mtoto, baba," alisema Eliwaza. Akaaga akapanda mlima.

* * *

Alipitia kwa mchungaji. Mchungaji Obadia alikuwa nyuma ya ghala, yaani kanisa, amevaa ngozi ya mbuzi na taji la manyoya ya kuku, anajaribu kuruka kwa mguu mmoja. Kila kijiji cha Giza Totoro kilitakiwa kuwa na mganga wa kutisha ambaye wageni watamshinda, na kwa kuwa Mrindiko haikuwa na mganga tangu mwaka ambao hakuna anayeukumbuka, kazi ilimwangukia yeye. Hirizi zake zilishonwa na Umoja wa Wanawake kwa vitambaa chakavu vya madhabahuni. Alizichoma moto hadharani kila wageni walipokuja, na Umoja wa Wanawake ulishona nyingine. Zilizoshonwa vizuri kuliko zote zilikuwa za Eliwaza.

"Bwana Yesu asifiwe, mchungaji."

Mchungaji akatazama huku na huku. "Amina, taratibu basi. Mpaka Jumatatu mimi ni mganga."

Eliwaza akamweleza yote, ya tabibu na ya afisa. Mchungaji akakaa kwenye jiwe, manyoya yakamwangukia usoni, akayapuliza.

"Mama Tumsifu, babu yangu alikuja huku kwa miguu siku kumi na tisa, Biblia kichwani, chumvi mgongoni. Mimi mjukuu wake niko hivi unavyoniona. Unadhani nina raha?"

"Basi Jumapili simama uwaambie kweli. Lugha yao unaijua, mimi siijui."

"Niwaambie, halafu?"

"Halafu wasimtie maji mtoto wangu."

"Halafu zahanati inafungwa." Alisema polepole, hakuwa na nia ya kumwumiza. "Zile sindano zilizomwinua Tumsifu, zilitoka wapi? Zilikuja kwenye gari lile lile la waliombatiza. Nikisema kweli leo, kesho akiugua utampeleka kwa nani? Kwangu? Mimi nina manyoya tu."

Eliwaza aliondoka, na njia nzima alilizungusha jambo hilo kichwani. Maji yaliyomwangusha mtoto na dawa iliyomwinua vilikuja kwenye gari moja. Ukikataa kimoja umekataa vyote. Alifika nyumbani akiwa bado hajapata pa kulishikia.

Wiki hiyo kijiji kizima kilikuwa kwenye mazoezi ya kushangaa. Ofisi ilileta mkufunzi. Alisimama mbele ya watu akatamka jina la Yesu, na watu walitakiwa kupanua macho, kutazamana, na kuuliza "Ni nani huyo?" kwa mshangao usiozidi na usiopungua. Wengi walifaulu. Bibi mmoja wa miaka themanini na mbili alianguka mtihani mara nne, maana kila akisikia jina hilo alijikuta anasema "Mwokozi wangu" kabla hajajizuia, akapewa ruhusa ya kuwa kiziwi. Kwaya nayo ilipewa kazi ngumu kuliko zote, ya kujifunza kuimba vibaya. Wazee wa sauti ya nne walitoka mazoezini wameshika mashavu kama watu waliong'olewa meno.

Eliwaza hakwenda mazoezini. Alikuwa akikusanya kuni.

* * *

Jumapili ikafika. Wageni wakaja arobaini, wote wamevaa fulana za rangi ya chungwa. Kiongozi wao alikuwa mchungaji mrefu mwenye meno meupe, jina lake Chadi. Nyuma kabisa, akitembelea fimbo, alikuja bibi mmoja mzungu aitwaye Doroti. Shingoni alikuwa amening'iniza picha ya Tumsifu. Alikuwa ameiombea picha hiyo kila asubuhi kwa miezi minane, kabla ya kunywa chai.

Bwana Mkomwa alikuwa mkalimani, maana Wizara haikuamini lugha kwa mtu mwingine. Alikuja na binti yake Nanzighe kutoka mjini, kwa sababu waraka ulisema viongozi waoneshe ukaribu na wananchi. Mtoto huyo alikuwa na umri wa Tumsifu. Alivaa gauni jeupe na soksi za lesi, akawapa wageni maua.

Afisa akatoa hotuba. "Wageni waheshimiwa, mnasimama mahali ambapo nuru haijawahi kukanyaga. Sisi kama serikali tumejitahidi kulitunza giza hili kwa uadilifu mkubwa ili mlikute kamili." Wageni wakapiga makofi. Mchungaji Obadia akaruka kwa mguu mmoja, akatishwa na wimbo wa gitaa, akachoma hirizi zake. Wageni wakalia. Kila kitu kilikwenda kama ratiba ilivyosema.

Walipofika mtoni wakamkuta Eliwaza ameweka beseni kubwa ukingoni, limejaa maji aliyoyachemsha tangu alfajiri na kuyapoza mpaka vuguvugu. Mvuke mwembamba ulikuwa unapanda juu yake.

"Bwana afisa, waambie," alisema, "kama ni lazima, wambatize humu. Maji ni maji."

Mchungaji Chadi akauliza mama anasema nini.

"Anasema amewaletea maji ya kunawa mikono," alitafsiri Bwana Mkomwa.

Wageni wakaguswa sana na ukarimu huo. Wakapanga mstari, wakanawa mmoja mmoja, wote arobaini, kila mmoja akimwinamia Eliwaza na kumwambia asante kwa Kiswahili alichofundishwa kwenye ndege. Aliponawa wa mwisho, beseni lilikuwa tope.

Eliwaza akamshika Tumsifu mkono, akasimama mbele ya Mchungaji Chadi, akasema kwa sauti ambayo kijiji kizima kiliisikia: "Mchungaji, huyu mtoto amebatizwa mara saba. Mapafu yake yameharibika. Nakuomba kwa jina la Yesu, usimtie maji."

Bwana Mkomwa akajifuta paji la uso.

"Anasema," alitafsiri, "mtoto wake ana kiu ya ubatizo, kiasi kwamba hata mkimbatiza mara saba hatachoka."

Fulana za rangi ya chungwa zikalia upya. Mchungaji Chadi akainua mikono juu. Mpiga picha wao akaingia mtoni mpaka kiunoni ili apate pembe nzuri.

Sasa Eliwaza hakuijua lugha ile, lakini alijua machozi ya furaha anapoyaona, akaelewa kwamba maneno yake yameuzwa njiani. Basi akaacha maneno. Akamwendea yule bibi mwenye fimbo, akamshika mkono bila kumwomba, akauingiza chini ya sweta ya Tumsifu, akaubandika mgongoni.

Bibi Doroti alikuwa amelea watoto wanne na kumzika mmoja. Mkono wake ukasikia kile kinachokwaruza mle ndani. Akainamisha sikio, akasikiliza. Akavua koti lake, akamviringisha nalo Tumsifu, akamkalisha mapajani pake kwenye jiwe. Kisha akamwambia Mchungaji Chadi maneno mawili. Mchungaji akatabasamu, akaeleza habari za ratiba. Bibi akarudia maneno yale yale mawili. Mchungaji akaacha kutabasamu. Kumbe kile kiwanja cha kuegeshea magari kanisani kwao alikitoa huyo bibi.

Eliwaza akakaa chini kwenye majani.

Lakini kamera ilikuwa tayari majini, na watu arobaini hawakuvuka bahari kuja kunawa mikono. Mchungaji Chadi akatazama kushoto na kulia, akamwona mtoto mwenye soksi za lesi. "Basi huyu," akasema, akamshika mkono.

Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, Bwana Mkomwa hakuwa na tafsiri.

Angesema nini? Nanzighe alibatizwa akiwa na wiki sita, na sherehe yake ilihudhuriwa na Wizara nzima. Kusema hivyo ni kufungua gunia lote. Akasimama na tai yake fupi, anatabasamu kama yule mtu wa kwenye nembo. Mtoto akaingizwa mtoni. Maji yakamfika kwenye soksi, yakamfika magotini.

"Baba, yanauma," alisema Nanzighe.

Afisa akatazama juu mlimani.

Eliwaza alikuwa amekwisha kumwokoa wake. Angeweza kunyamaza, na wapo ambao wangemwona ana haki. Lakini aliona mabega ya yule mtoto yalivyopanda masikioni, akainuka akaenda kusimama ubavuni mwa afisa.

"Baba Nanzighe," alimwambia, "ni maji yale yale."

Maji yakafika kiunoni. Mchungaji Chadi akaweka kiganja nyuma ya kichwa cha mtoto.

Hapo Bwana Mkomwa akapiga kelele, kwa lugha ya wageni, iliyonyooka, bila fomu. "Mwache. Ameshabatizwa. Wote hapa wamebatizwa, baba zao wamebatizwa, babu zao wamebatizwa. Lile siyo ghala." Akaingia mtoni na viatu vyake, akambeba binti yake, akatoka naye akimsugua miguu kwa tai.

Ilikuwa sentensi ya kwanza ya kweli kutoka Wizarani kwa miaka kumi na tisa, na hakuna aliyejua la kufanya nayo. Mchungaji Obadia akavua manyoya, akayaweka juu ya jiwe. Akasimama katikati ya wageni akaanza kusema Zaburi kwa lugha yao, kwa kichwa, kuanzia mwanzo, na watu wa Mrindiko wakaisema nyuma yake kwa Kiswahili, mpaka yule bibi aliyekuwa kiziwi.

Mchungaji Chadi akasikiliza mdomo wazi. Kisha akapiga magoti kwenye tope akalia kwa sauti. Ripoti aliyoipeleka ng'ambo bado ipo, na ndani yake imeandikwa kwamba siku hiyo, mtoni Mrindiko, bila hata mtu mmoja kuloweshwa kichwa, kijiji kizima kiliokoka katika dakika ishirini, pamoja na mganga wake na afisa wa serikali, nao papo hapo wakajaliwa kujua Maandiko ambayo hawajawahi kuyasikia.

Bibi Doroti peke yake hakuandika kitu. Aliacha koti lake.

* * *

Wizara ilipokea habari kwa ukimya, ikafikiri, ikaona ripoti inafaa. Bwana Mkomwa alipandishwa cheo akawa Mkurugenzi wa Mafanikio, ghorofa ya nne. Mrindiko ikapewa cheti kikubwa chenye kioo: Kijiji Kilichofikiwa. Gunia likatolewa msalabani, kengele ikafunguliwa mkeka, kwaya ikaimba sauti zote nne, wazee wa sauti ya nne wakaimba mpaka vumbi likadondoka darini. Jina la Tumsifu likafutwa kwenye orodha. Eliwaza alilala usiku mzima bila kuamka.

Jumatatu iliyofuata gari likaja kuchukua dawa. Dawa zilikuwa za walio gizani, na Mrindiko haikuwa tena gizani, kila mtu aliweza kukisoma cheti. Tabibu akapakia masanduku na kitanda chake, akahamishiwa Kwesabi, kijiji cha upande wa pili wa bonde, ambacho bado kilikuwa Giza Totoro.

Ilipoanza mvua ya vuli kifua cha Tumsifu kikarudi. Eliwaza hakungoja. Alimfunga mgongoni, miaka tisa na miguu inaning'inia, akateremka bondeni na kupanda upande wa pili, mwendo wa asubuhi nzima, akihesabu pumzi za mtoto shingoni mwake.

Tabibu aliwatambua, akatazama chini. Mbele yake palikuwa na daftari jipya la Wizara lenye safu mbili. Karani wa Wizara alikaa karibu naye na kalamu mkononi.

"Sindano ipo," alisema tabibu. "Lakini si mimi, mama. Ni daftari."

Karani akasoma maelekezo kwa sauti ya mtu aliyeyasoma mara nyingi. Aliyekwisha kubatizwa haruhusiwi dawa ya hapa. Asiyebatizwa anapewa leo hii, na jina lake linaingia kwenye orodha ya mto, wageni wanafika mwezi wa kwanza. Akainua kalamu. "Mtoto huyu amebatizwa?"

Eliwaza akafungua mdomo. Hakujua ni neno gani lililokuwa linakuja.

Mgongoni kwake, sauti ndogo yenye homa ikatangulia.

"Bado," alisema Tumsifu.

Karani akaandika. Tabibu akavunja kichupa cha dawa. Eliwaza akamfungua mtoto mgongoni, akamlaza kitandani, akamshika mkono, hakumsahihisha.